Siku Nne Somanga

Wakala aliyenikatia tiketi Mbagala Rangi Tatu aliniambia njia nyeupe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Mei 2024, alfajiri, na kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani jana yake. Pale Mbagala mvua ilikuwa imekatika, mama wa chai ameshawasha jiko, nani angewaza vingine? Nikalipa shilingi 38,000 hadi Masasi. Hiyo ilikuwa bei ya basi lenye kiyoyozi. Basi nililopandishwa halikuwa nacho, kiti changu kimechanika, na chuma cha nyuma kilinichoma mgongo mpaka Ikwiriri. Nilipomuuliza kondakta akasema kiyoyozi kipo, gesi tu ndiyo imeisha. Pesa ya gesi sikurudishiwa.

Nilikuwa nakwenda kumwona mama, ambaye magoti na mikono vinamsumbua tangu mvua za mwaka ule zianze. Nilimbebea sukari, mafuta ya kula, dawa ya kuchua na khanga doti mbili.

Rufiji tuliivuka saa nne hivi. Maji yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye mashamba ya mpunga, kwa sababu mwezi uliotangulia bonde lote lilikuwa limekumbwa na mafuriko. Watu wa kusini wa rika langu wanakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Wanakumbuka na zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, lami ilipokuwa imefika kote isipokuwa pale, basi linazama kwenye tope na abiria mnalala porini. Kwa hiyo tulipofika Somanga nikaona foleni ya malori isiyo na mwisho, moyo haukunienda mbio. Nilijua kusubiri. Nikashuka niende kuangalia.

Barabara haikuwepo. Lami ilikuwa imemegwa kama mkate, na palipokuwa na kalavati palipita mto wa maji mekundu ukielekea baharini, unabeba miti mizima na mizizi yake. Watu walisimama huku na watu walisimama kule, tunapungiana mikono. Waliotoka mbele kwa miguu wakasema na Mikereng'ende pamekatika vilevile. Kondakta akatutangazia tusubiri saa mbili. Jua lilipozama hatukumwona tena.

Nitasema ukweli kuhusu bei, maana mtu akisikia habari za wema anaweza kudhani Somanga nzima ilikuwa pepo. Chupa ya maji ya shilingi 1,000 ilifika 3,000 siku ya kwanza hiyohiyo. Chapati iliuzwa 1,000. Kuchaji simu 2,000, na hapo unasimama foleni kwenye jenereta la mtu. Kijana wa bodaboda alitaka 20,000 kumrudisha mtu Nyamwage. Wakala wa fedha za simu alisema hana floti, kwa hiyo pesa zangu zikabaki kwenye simu nisizoweza kuzigusa, na mkononi nina 14,000 tu. Wengi wa waliopandisha bei hawakuwa wenyeji wa pale, walikuwa wachuuzi waliofuata foleni kama kunguru wanavyofuata jalala. Lakini wenyeji pia walikuwemo, siwezi kuwaficha.

Baada ya magharibi tukasikia kipaza sauti cha msikitini. Sauti ya mzee ikasema wanaume waliokwama waje walale msikitini, mikeka ipo, na maji ya kutawadhia yasitumike kufulia. Wanawake na watoto wakae walipo, watafuatwa.

Nikawaza, watafuatwa na nani? Tulikuwa mabasi zaidi ya kumi.

Wakaja kina mama na tochi za simu, wengine na vibatari. Wa kwetu alikuwa bibi mfupi, amejitanda khanga iliyolowa, anatembea kwa kuegemea fimbo ya mwavuli usio na kitambaa. Alimulika ndani ya basi akauliza kuna wenye watoto wachanga. Kulikuwa na binti mmoja wa Nachingwea, mtoto wake wa miezi mitano alikuwa analia tangu mchana. Bibi akamwambia, "Wewe wa kwanza." Kisha akahesabu kwa kidole mpaka tukafika saba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauona msalaba shingoni kwangu, akasema, "Na wewe twende, mwanangu, utaugua hapo."

Nyumba yake ni ya udongo, vyumba viwili na ukumbi, paa la makuti. Upepo wa kimbunga ulikuwa umeng'oa makuti ya upande wa mashariki, chumba kimoja kimelowa hakilaliki. Kwa hiyo kilibaki chumba kimoja na ukumbi kwa wageni saba, bibi mwenyewe na wajukuu watatu. Kitanda alimpa binti na mtoto wake. Sisi tulitandikiwa mikeka. Yeye nilimwona usiku, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo umeegemea ukuta. Nikajua ndivyo alivyolala.

Usiku ule alitupikia ubwabwa wa nazi. Samaki hawakuwepo, maana bahari ilikuwa imechafuka na ngalawa zote zimevutwa juu. Somanga ya samaki, ambapo basi likisimama tu unaletewa pweza na vibua vya kukaanga dirishani, haikuwa na hata dagaa. Tulikula wali na mlenda kwenye sinia moja, tumeshiba. Wajukuu hawakukaa nasi. Walisubiri nje jikoni, tulipomaliza nikawasikia wanakwangua sufuria na kucheka. Nikasema moyoni, watoto ni watoto, hata wangu nilipokuwa nawalea walikuwa wanagombea ukoko.

Siku ya pili usiku wakaukwangua tena. Siku ya tatu asubuhi niliingia jikoni kumsaidia bibi kupepeta, nikamwona anainamisha debe la mchele na kuligonga tako kwa kiganja ili punje za mwisho zitoke. Ndipo nikaelewa kwamba ule ukoko ndio ulikuwa chakula chao. Siku mbili nzima. Nililia pale pale, nikasingizia moshi.

Nilichukua ile sukari ya mama, kilo tano, na mafuta, nikamwekea karibu na mafiga. Akavirudisha kwenye begi langu. Nikatoa 10,000 katika zile nilizokuwa nazo. Akaufunga mkono wangu juu ya noti, akanikazia macho.

"Hukupanga kuja kwangu, mwanangu. Umeletwa. Nikikutoza, nitamjibu nini aliyekuleta?"

Nikamwambia, bibi, watoto hawajala. Akasema wataendelea kukaa hapa hapa wakati nyinyi mmeshaondoka, na mihogo ipo shamba, ikikauka matope watachimba. Tukavutana hivyo mpaka tukafikia makubaliano: sukari itakorogwa kwenye uji wa wote, wa kwetu na wa wajukuu, chungu kimoja, na wajukuu wakae nasi. Nilishinda hilo moja tu.

Asubuhi ile, tulipokaa kwenye uji, niliinamisha kichwa kuombea chakula kimyakimya, kama ninavyofanya nikiwa ugenini kwa watu wa dini nyingine. Bibi akaniona. Akasema, "Omba kwa sauti tuitikie." Nikababaika. Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, nimeomba mbele ya watu maisha yangu yote, lakini pale maneno yalinipotea. Nikasema tu, Mungu wetu, wabariki waliotupokea, wape kuliko walivyotoa. Wakaitikia wote, "Amina," na mjukuu mdogo akaitikia kwa nguvu kuliko wote kwa sababu anataka uji.

Nepi za mtoto wa Nachingwea ziliisha siku ya pili. Dukani pakiti iliyobaki ilikuwa 15,000, na upele ulikuwa umeshamtoka mapajani. Bibi akaingia ndani akatoka na khanga yake, ya zamani lakini safi, imelainika kwa kufuliwa. Akakaa chini na wembe. Alianza kukata kutoka kwenye pindo, akazunguka, akakata tena, vipande sita vya mraba. Niliona anakwepa kitu. Ule utepe wenye jina la khanga hakuugusa, aliuacha mzima, mrefu kama mkanda. Alipomaliza akaukunja mara nne akauweka chini ya mto. Sikuona umeandikwa nini. Mtoto alilala usiku ule bila kulia, kapakwa mafuta ya nazi, kafungwa kile kitambaa.

Nimeishi Kimara miaka kumi na tisa. Nyumba yangu ina ukuta, geti la chuma na taa mbili. Mvua moja kubwa, miaka iliyopita, bonde la nyuma yetu lilijaa na usiku mtu aligonga geti. Nilitoka na mwavuli nikafungua kile kidirisha kidogo. Alikuwa mwanamke, kajifunika mfuko wa rambo kichwani, ana mtoto mgongoni. Aliomba kusubiri barazani mpaka maji yapungue. Nilimwuliza anatoka wapi, anaishi kwa nani, mjumbe wake nani. Maswali yote hayo yeye yuko kwenye mvua. Mwisho nikamwambia ajaribu kanisani, nikafunga kidirisha. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza nani huyo, nikasema wapita njia tu. Sijawahi kumsimulia mtu jambo hili. Pale Somanga, usiku wa tatu, nilipomwona bibi amelala amekaa, sura ya yule mwanamke ilinijia kamili, mpaka rangi ya ule mfuko. Ulikuwa wa bluu.

Tena mimi nimelelewa vingine. Masasi, nyumba ya baba ilikuwa kando ya njia ya kwenda mnadani, na nje, chini ya mkorosho, kulikaa mtungi wa maji na kata ya kifuu. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuujaza kabla sijaenda shule, na kisima kilikuwa mbali. Nililalamika, kwa nini tuwachotee watu tusiowajua? Baba hakunijibu, alinyoosha mkono kuonyesha ndoo. Sasa hivi Kimara nina bomba ndani na tangi la lita 2,000 juu, na kwenye geti langu hakuna hata kopo.

Siku za kati zilipita bila mengi. Mitambo ilikuja, malori ya mawe yakamwaga usiku na mchana, na Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, akaja mwenyewe kusimama matopeni na mainjinia. Niseme haki yao, vijana wale walifanya kazi bila kulala. Siku ya nne tukaambiwa magari madogo yanaanza kupita, kisha mabasi, moja moja, abiria mkiwa mmeshuka mnavuka kwa miguu juu ya mawe. Kondakta wetu akatokea, amependeza, kanyoa. Akatuhimiza tuwahi.

Bibi alitusindikiza mpaka barabarani na fimbo yake. Nilikuwa nimeficha doti moja ya khanga za mama chini ya mto wake, palepale penye ule utepe. Nikamwomba namba ya simu. Hana simu. Nikamwuliza nimkumbuke kwa jina gani. Akacheka, akasema kila mtu hapa anamwita Bibi, nikiuliza nitaonyeshwa.

Masasi nilikaa wiki tatu. Mama alifurahi kwa dawa na kwa sukari iliyobaki, akaniuliza khanga yake ya pili iko wapi. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akaniagiza nikipita tena nimpelekee bibi huyo korosho, akazibangua mwenyewe, kwa mikono ileile inayomuuma.

Safari ya kurudi nilipanda basi lingine, lenye kiyoyozi kweli, kiyoyozi kikali mpaka nikapata mafua. Nilimbembeleza dereva asimame Somanga dakika kumi. Nilikimbia na ule mfuko wa korosho, nikapiga hodi. Makuti ya upande wa mashariki yalikuwa yamesukwa upya. Bibi alitoka akinikazia macho, hakunitambua mara moja. Nilipotaja kimbunga akanishika mikono yote miwili, na kabla hajaniuliza habari za safari wala za mama, akasema:

"Yule mtoto vipi? Upele ulipona?"

Sikujua. Tuliachana na binti yule Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, kila mtu na basi lake, sikuchukua hata namba. Dereva alikuwa anapiga honi. Bibi akaingia jikoni akarudi na mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, bado inatoa moshi, akanipakatisha, akasema nenda usiachwe.