Tetra wangu wanapanda juu alfajiri: kumbukumbu ya tangi la samaki la lita 95

Jumapili, wiki ya 1

Nimeamka saa 11 alfajiri, taa ya tangi bado haijawaka, nikawakuta tetra, samaki wangu wadogo wa mapambo, wote 12 wamejazana juu kabisa, midomo inagusa uso wa maji. Hawakuwa wakitafuta chakula. Vifuniko vya matamvua vilikuwa vikifunguka na kufunga haraka mno, na hata niliposogea karibu na kioo hawakukimbia. Kambare wadogo wa Corydoras nao walikuwa wakipanda mbio, wanameza hewa, wanashuka. Hao huweza kuifyonza hewa kwa utumbo, kwa hiyo kupanda mara moja moja ni kawaida yao. Lakini nimehesabu safari 9 ndani ya dakika 5, na wako wanne tu.

Taa iliwaka saa 2. Kufikia saa 4 kila mmoja alikuwa amerudi mahali pake.

Huko kutulia baada ya taa kuwaka ndiko kumenipa pa kuanzia. Mimea hutoa oksijeni penye mwanga tu. Usiku nayo huitumia, pamoja na samaki, pamoja na bakteria wa kwenye filta, kwa hiyo maji hupungukiwa zaidi kabla tu ya mapambazuko. Mtu anayelitazama tangi lake jioni peke yake hatalijua tatizo hili.

Jumanne

Nimepima oksijeni ya maji kwa kipimo cha matone. Alfajiri: miligramu 4 kwa lita. Saa 12 jioni: 8. Joto la maji ni nyuzi 28, na maji yasiyo na chumvi kwa joto hilo yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 7.8. Jioni tangi limeshiba, alfajiri limebakiwa na nusu.

Nimeanza kushusha hita, nyuzi 1 kwa siku hadi 25. Maji ya nyuzi 25 hubeba kama 8.3. Ongezeko ni dogo, ila samaki na bakteria nao hupunguza matumizi yao kadiri maji yanavyopoa, kwa hiyo faida inatoka pande mbili.

Ijumaa

Nimeweka pampu ya hewa na jiwe la mapovu katikati. Nilidhani mapovu yenyewe ndiyo yatakayoingiza oksijeni, kisha nikakaa nikayatazama. Povu linatoka chini hadi juu, sentimita 36, kwa muda usiofika sekunde mbili. Muda huo ni mfupi mno kuachia hewa ya maana. Kazi kubwa ya mapovu ni kuyabeba maji ya chini kuyapeleka juu na kuuvunja uso wa maji, na hapo usoni ndipo oksijeni inapoingia na kaboni dioksidi inapotoka.

Pampu nimeiweka kwenye rafu iliyo juu ya usawa wa maji, na mpira nimeufungia vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, pampu iliyo chini ya tangi inaweza kunyonyewa maji na mpira wake wenyewe.

Jumapili, wiki ya 2

Alfajiri: kati ya 4 na 6. Tetra saba bado wako juu. Kuna kitu kingine.

Nimekifunga kipande cha uzi mweusi kwenye ncha ya kijiti, nikakizamisha pembe moja baada ya nyingine. Mbele ya mdomo wa filta uzi ulilala kama bendera kwenye upepo. Katikati ulicheza kidogo. Kwenye pembe ya nyuma kushoto, nyuma ya gogo, ulining'inia wima, haukutikisika hata kidogo. Nimehesabu hadi 60. Palepale changarawe ilikuwa imefunikwa na vumbi la kahawia, kinyesi na majani yaliyooza. Nilipoinyonya kwa mpira, maji yaliyotoka yalinuka. Uchafu unaooza hula oksijeni usiku kucha, na maji ya pale hayakuwa yakifika juu kabisa.

Nimemaliza kwa kugusa uso wa maji kwa kidole. Utando ukapasuka, kisha ukajikunja taratibu kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Sikuwa nimeuona kwa sababu nalitazama tangi kutoka mbele, na utando huonekana vizuri ukitazama kutoka chini kwenda juu. Unatokana na mafuta na protini za chakula na mimea, na hupunguza kasi ya hewa kupita. Nimelaza karatasi laini juu ya maji, nikainyanyua na utando wake, mara nne.

Jumatatu

Leo ni filta. Kwenye boksi wameandika lita 600 kwa saa. Nimekinga maji yake kwenye ndoo: lita 5 kwa sekunde 62, yaani lita 290. Nimeikamua sponji ndani ya maji niliyoyatoa tangini (maji ya bomba yenye klorini yangewaua bakteria), nikausugua mpira wa ndani kwa brashi. Sasa ni lita 5 kwa sekunde 38, lita 470 na ushei. Tangi lilikuwa likizungushwa mara tatu kwa saa, sasa linakaribia mara tano.

Sponji iliyojaa uchafu hudhuru mara mbili: inapunguza mkondo, na ule uchafu wenyewe unaendelea kuoza ndani yake. Nimeweka alama kwenye kalenda, kila wiki ya tatu.

Alhamisi

Nimelitoa lile bomba fupi la filta na kuweka bomba refu la matundu, ukuta wa nyuma, sentimita 2 chini ya uso wa maji, matundu yanatazama juu kidogo. Gogo nimelisogeza kwa upana wa kiganja. Mwanzoni niliyaelekeza matundu mbele moja kwa moja, na tetra wakajibana nyuma ya mimea, wanapiga mapezi bila kwenda popote. Niliyainua hadi maji yakawa yanakunjamana juu tu, huku chini kumetulia. Mwanga wa taa sasa unacheza juu ya changarawe tangi zima, hata kule pembeni.

Uzi, pembe ya kushoto: unayumba. Polepole, lakini unayumba.

Jumamosi, wiki ya 4

Maji yanakauka haraka kuliko zamani, sentimita 1 kwa wiki, karibu lita 3. Uso ukishuka chini ya matundu, maji huanza kumwagika kwa kelele, nami najua wakati wa kujaza umefika. Utando haujarudi.

Jumapili, wiki ya 5

Saa 11 alfajiri, kwa tochi iliyofunikwa kitambaa. Kipimo: kati ya 6 na 8. Kambare wamelala kwenye changarawe, mmoja amepanda mara moja tu kwa dakika kumi nilizokaa. Tetra nimewatafuta juu nikawakosa. Walikuwa chini, katikati ya majani, wametawanyika, rangi zao zimefifia kama zinavyofifia wakiwa usingizini. Nimeizima tochi.