Nilivyoandika historia ya parokia yetu bila kubahatisha miaka

Kigango chetu cha pembeni mwa jiji la Mwanza, yaani kanisa dogo lililokuwa chini ya parokia nyingine, kilipopandishwa kuwa parokia, Paroko aliniomba niandike kijitabu cha historia yake kwa ajili ya sherehe ya uzinduzi. Kimetoka, watu wamekinunua, na nina furaha nacho kweli. Naandika haya kwa sababu wengi mtaombwa kazi hiihii, na mtapewa ushauri uleule mbovu niliopewa mimi.

"Piga picha jiwe la msingi, orodhesha mapadre waliopita, umemaliza." Uliniudhi sana. Jiwe linamtaja askofu aliyelibariki. Halimtaji mama aliyebeba maji ya kufyatulia tofali, wala katekista aliyeongoza ibada Jumapili zote ambazo padre hakuweza kufika.

Shida ilikuwa miaka. Wazee wetu wanakumbuka kila kitu isipokuwa tarehe. Muulize bibi kanisa la udongo lilijengwa mwaka gani, atakujibu, "Zamani, mwanangu," na hapo huna cha kuandika. Kwa hiyo niliacha kabisa kuuliza mwaka. Nilikuwa naamkia, "Mwangaluka, mayu," nakaa, naulizia wajukuu, ndipo naingia kwa tukio ambalo mwaka wake unajulikana: Wakati wa operesheni vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, mlikuwa mnasali wapi? Papa Yohane Paulo II alipokuja Mwanza Septemba 1990, mlipanda lori la nani, na nani alibaki kulinda kanisa? MV Bukoba ilipozama Mei 1996, marehemu wa huku waliombewa kwenye jengo lipi?

Hapo maneno yanamwagika. Mama mmoja alifungua sanduku akatoa kanga aliyovaa siku ile ya Papa. Kwenye pindo ina doa la saruji, gumu mpaka leo. Akasema wiki hiyohiyo walikuwa wanamwaga zege la msingi, na yeye alitoka kwenye zege akaenda kumwona Papa. Nilinyamaza na habari hiyo, nikaenda kwa mzee wa jumuiya (kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja) nyingine kabisa, nikamuuliza kuhusu zege tu. Yeye mwenyewe akaitaja safari ya Papa. Mashahidi wawili ambao hawajakaa pamoja: nikaandika 1990 kwa moyo mweupe.

Kisha kuna madaftari. Kanoni ya 535 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, kwa hiyo watu wa kigango chenu wameandikwa kwenye parokia mama, ile inayosimamia kigango. Omba barua ya Paroko, nawa mikono, na usipige picha kurasa, maana mle mna siri za familia za watu. Mimi nilipitisha kidole kwenye mahali walikotoka wazazi, nikitafuta jina la kijiji chetu tu. Pembeni mwa jina la mbatizwa huandikwa pia kipaimara na ndoa yake, hivyo unaona nani alihama na nani alibaki kulea kigango.

Mwanzo wa kijitabu niliurudisha nyuma zaidi, ingawa baadhi ya wanakamati waliona ni mbali mno. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa pia White Fathers, ulifika Kageye, hapa kusini mwa ziwa, mwishoni mwa Desemba 1878. Mwaka uliofuata Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi hadi Buganda. Mambo yalipokuwa magumu huko, wamisionari walirudi upande wetu, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Mwanza ikawa jimbo la Kanisa 1953, na jimbo kuu 1987. Niliposoma ukurasa huo kwenye jumuiya, vijana walishangaa kwamba Kageye ni hapo tu Magu. Wakaomba tupange hija, na mimi niliona hiyo peke yake imelipa kazi yote.

Uchapaji ulikula laki kadhaa. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walibeba sehemu kubwa, tukauza nakala baada ya misa, na kilichobaki kimenunua bati za kigango kipya kilicho chini ya parokia yetu. Viongozi wa kigango hicho nimewapa karatasi yenye matukio na miaka yake. Wameanza na katekista wao mstaafu, kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote na anaumwa.