Ujuzi wa kampuni haukai kwenye faili peke yake

Kampuni nyingi hununua programu ya kuhifadhi nyaraka, kisha zikangoja ubunifu uje. Hauji. Fundi anayejua kwa mlio tu kwamba beringi ya mashine imeanza kuchoka hajaandika hilo popote, na hata akiandika halitoshi. Ujuzi wa namna hiyo huhama kwa kufanya kazi bega kwa bega. Mwanafunzi aanze miezi kadhaa kabla mkongwe hajastaafu: kwanza atazame, kisha afanye huku akitazamwa, halafu aeleze kwa nini amefanya hivyo. Hatua hii ya tatu ndiyo hurukwa, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mradi ukiisha, kaeni siku hiyo hiyo au kesho yake: tulitarajia nini, kimetokea nini, kwa nini, tubadilishe nini? Bosi azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine wataitikia tu.

Ila mawazo mapya mara nyingi hutoka nje ya timu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali hutuletea habari ambazo marafiki wa karibu hawana. Basi mpelekeni mhandisi akae na mteja kazini. Ripoti ya mauzo haitamwonyesha mteja akibana kwa utepe kifuniko kilicholegea.