Reli ya bustani hapa Tabora: mabehewa mawili ya kwanza nilichemka

Wifi yangu anaishi Ujerumani, mwaka juzi alivyokuja likizo akaniletea boksi ambalo kila mtu nyumbani alidhani ni la watoto. Ndani kuna injini ndogo ya mvuke ya LGB, treni za mfano za Kijerumani za kuchezeshea bustanini, ile wanayoiita Stainz, na vipande 12 vya reli ya kupinda ambavyo ukiviunga unapata duara la kama mita moja na robo. Injini ya mvuke kwa sura tu jamani, ndani ni mota. Behewa hakuna hata moja. Nikaitandika chini ya muembe kwenye kokoto, injini ikazunguka peke yake kama kuku aliyepoteza vifaranga, watoto wakacheka siku mbili wakachoka. Mimi ndo sikuchoka.

Nikasema hapa yanatakiwa mabehewa ya mizigo. Mimi mtoto wa Isevya hapahapa Tabora, nimekulia kwenye honi za treni, treni bila mizigo kwangu sio treni. Nikaingia mtandaoni, nikaona yameandikwa "G" au "milimita 45", nikapima reli yangu na rula, 45 kweli, nikajua kazi imeisha. Nikaagiza mawili yaliyotumika, moja boksi (behewa lililofungwa pande zote) la Kimarekani refu lenye magurudumu manane, jingine boksi dogo la Kijerumani la magurudumu manne, na wifi akaniongezea la tatu la wazi la kwake alilolipata kwenye mnada wa vitu vya zamani. Yakachukua miezi kufika, tuyaache hayo.

Yalivyofika nikayapanga kwenye reli, yote yamekaa vizuri kabisa, magurudumu yameingia. Lakini ukiangalia kuna kitu hakiko sawa na huwezi kukisema. Mjomba wangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa miaka mingi sana, wale wanaopita na nyundo wanagonga gurudumu moja moja wasikilize kama lina ufa. Nikamwita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Haya, niambie, haya mabehewa ni ya reli moja?"

Nikamwambia ndiyo, milimita 45 yote. Akachuchumaa akakaa kimya, halafu akasema, "Hili dogo kuli wake anaingia kwa kuinama. Na hili refu ngazi yake ni ya mtoto. Reli moja, lakini nchi tatu."

Basi usiku ule ndo nikakaa na kalkuleta. Kumbe milimita 45 ni upana wa reli tu, haikwambii behewa limepunguzwa mara ngapi. Reli yetu ya Kati ni mita geji, milimita 1000, ukigawa kwa 22.5 unapata 44 na ushee, yaani LGB wenyewe walivyoanza mwaka 1968 walichukua 1:22.5 kwa sababu hiyohiyo, walikuwa wanaiga reli nyembamba za kwao za mita moja. Sasa chukua reli pana kama ya SGR, 1435, gawa kwa 32, unapata 44.8, reli ileile! Kwahiyo lile boksi dogo la Kijerumani lilikuwa 1:32, behewa la reli pana lililopunguzwa zaidi. Lile la Kimarekani ni 1:29, nalo kwa hesabu halikai popote maana 1435 kwa 29 inatoka 49 na kitu, ila Wamarekani wengi ndo wanatengeneza hivyo ili mabehewa yaonekane makubwa. Na kuna 1:20.3 kwa reli za futi tatu za huko kwao, hiyo nayo inatoka 45. Yote yanauzwa kwa jina moja la G, aisee.

Nilivyoelewa hivyo uamuzi ukawa mwepesi, mimi niko Tabora, reli hii imefika hapa 1912 na Kigoma 1914, yote mita geji, kwahiyo bustani yangu ni 1:22.5 na sitaki mjadala. Ungekuwa unataka SGR bustanini kwako nunua 1:32, sawa tu, ila usichanganye kama mimi.

Njia ninayotumia sasa kabla ya kulipa ni hii. Nimekata mtu wa kadibodi. Mtu wa mita 1.7 kwenye 1:22.5 anakuwa sentimita 7 na nusu. Namsimamisha mlangoni, kwenye ngazi, kwenye breki ya mkono. Kama nalitaka behewa la mtandaoni namwomba muuzaji urefu wa mlango kwa sentimita, wengine wanajibu wengine wanakuona kichaa, asiyejibu sinunui. Jumla ya urefu wa behewa usiitegemee, maana behewa kubwa lililopunguzwa sana na behewa dogo lililopunguzwa kidogo yanaweza kulingana urefu. Mlango na ngazi ndo havidanganyi kwa sababu binadamu ni yuleyule.

Jambo la pili ni kona. Duara langu nusu kipenyo chake ni milimita 600, ndo kali kuliko zote za LGB, na lile refu la Kimarekani lina kama sentimita 42 na kapling zake, yaani vile vishikio vya kuungia mabehewa, zimefungwa kwenye bodi sio kwenye fremu za magurudumu. Likifika kwenye kona pua inatoka nje, inamvuta mwenzake pembeni, wanaanguka wote kwenye majani ya muembe. Kwahiyo mpaka nitakapopata reli za nusu kipenyo cha milimita 1195 mimi nanunua ya magurudumu manne tu, yale ya kama sentimita 30, yanapita kama nyoka.

Kapling nazo ni ugomvi mwingine, LGB ni ndoano na pete, Wamarekani ni kama ngumi mbili zinazoshikana, hazijuani kabisa. Behewa moja nililifunga ndoano mbele na ngumi nyuma, watoto wakaliita mkalimani.

Magurudumu ya plastiki nilibadilisha yote. Yanabeba uchafu, na vumbi la Tabora la Agosti mnalijua. Ya chuma ni mazito, uzito unakaa chini, behewa tupu haliyumbi. Pale palipobaki wepesi nimegundisha washa za bolti chini ya sakafu. Mjomba akaja na kijiko akagonga moja moja, akasikiliza, akasema haya, yapite.

Na hapa niseme kwanini behewa langu la kwanza kununua baada ya makosa lilikuwa boksi lililofungwa na sio tenki ambalo nililitamani zaidi. Reli za shaba zikikaa nje zinapiga weusi, utomvu wa maembe unaongezea, umeme haufiki kwenye injini, kila asubuhi unasugua. Nikaweka betri ndani ya boksi, waya unaingia kwenye injini, basi, hata umeme wa mtaani ukatike treni inatembea. Kwahiyo boksi lazima liwe na paa linalofunguka na nafasi ya betri, pima betri yako kwanza. Tenki lilikuja baadaye, ni la mawese ya Kigoma, na la wazi nimelipakia vifuko vya chumvi ya Uvinza, chumvi ya kweli, nikaitoa baada ya wiki maana iliula mhimili.

Reli yenyewe naitoa usiku, wanunua skrepa hawajui tofauti ya 1:22.5 na 1:32.

Lile la 1:32 nimempa mtoto wa jirani. La Kimarekani nililikatia tamaa, nikaling'oa magurudumu nikayafunga kwenye behewa jingine, bodi nikaiweka chini pembeni ya reli kama stoo ya stesheni, kama yale mabehewa chakavu unayoyaona stesheni nyingi watu wameyafanya stoo kweli. Ngazi nimezitoa. Mjomba akapita jumapili, akasimama akaliangalia.

"Hapo sasa limekaa," akasema, akaomba chai.