Walimu wakongwe na vishikwambi: mimi nilianzia kwenye matokeo

Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Shuleni kwetu vingi viliishia kabatini au mikononi mwa wajukuu wanaocheza gemu. Kila niliyemgusia suala hilo alinijibu, "Achana na hao wazee, wanasubiri kustaafu." Kauli hiyo inaniudhi mpaka leo. Mtu aliyewafundisha watoto tisini kusoma kwa chaki tu, ashindwe na kioo cha kugusa?

Semina waliyopelekwa ndiyo iliyoharibu zaidi. Asubuhi nzima mwezeshaji alitaja sehemu za kompyuta. Mchana mwalimu akikwama, ananyang'anywa kifaa na kubonyezewa haraka haraka. Walirudi waoga kuliko walivyokwenda.

Mimi nilianzia panapouma: matokeo ya mtihani wa mwezi. Kujumlisha masomo sita ya darasa zima, kutoa wastani, kisha kupanga nafasi, ni kazi ya kukesha. Tuna madamu wa Hisabati anayekaribia kustaafu, na neno lake linasikilizwa ofisini. Nikaingiza alama za darasa lake kwenye Excel, programu ya majedwali inayokokotoa yenyewe, ndani ya kishikwambi, nikamfuata mezani.

"Shikamoo madamu. Naomba unikagulie hii."

"Marahaba mwanangu, lete."

Akafungua daftari lake, akashika kalamu nyekundu, akaenda mstari kwa mstari. Hakusema kitu hadi alipofika kwa watoto wawili waliofungana nafasi ya saba. "Huyu anayefuata imempa ya ngapi?" Ya tisa. Hapo ndipo walimu wengi wanapokosea wakipanga kwa mkono, na yeye alijua. Akavuta kiti karibu. Nikamwambia abadilishe alama ya mtoto mmoja kwa kidole chake mwenyewe. Nafasi zikabadilika zenyewe. Akarudisha, akabadilisha tena. "Kumbe mmeniacha nikeshe miaka yote hii!"

Tangu siku hiyo wa rika lake wanamuuliza yeye, wala siingilii. Nikiwa na mwalimu mgeni wa kifaa, mikono yangu naiweka mgongoni. Atafute kitufe hata dakika tano, sigusi. Wala simfundishi mbele ya wanafunzi au walimu wa mazoezi, maana aibu ya hapo haifutiki. Bando tunachangishana hela kama ya soda. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) navipakua usiku nyumbani, kesho yake nawarushia, ili mtandao usije ukamwangusha mtu katikati ya kipindi.

Siku hizi madamu anapiga picha hesabu ya mgawanyo mrefu kwenye daftari la mtoto, jina kalifunika kwa kidole, anaikuza kwenye projekta na kuuliza darasa: njia imepotea hatua gani? Mikono inanyooshwa hadi dawati la nyuma. Projekta tunayo moja tu, na yeye huiwahi kabla kengele ya kwanza haijalia. Ya pili nimeshaiombea kwenye kikao cha wazazi.