Siku moja maishani mwangu: fundi wa Morris kongwe, Unguja

Ukisema unatengeneza magari ya zamani majumbani kwa watu, wengi wanadhani kazi yenyewe ni kufuta vumbi na kung'arisha vyuma. Hapa Unguja kazi hii ni kutu, grisi na breki. Leo ni Alhamisi, gari ni Morris Minor 1000 ya mzee mmoja Kikwajuni. Morris Minor zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1971, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imeshavuka nusu karne, na hii imezeekea kwenye hewa ya chumvi.

Saa 1:00 asubuhi

Nafika kabla gari haijawashwa, kwa sababu tapeti za injini hii, yaani nafasi za valvu, hupimwa ikiwa baridi. Ni injini ya sisi (cc) 1098, valvu nane, na kila moja inataka nafasi ya milimita 0.30. Hesabu yake ni ya tisa, namba mbili zijumlishe tisa: valvu ya 8 ikiwa imekandamizwa mpaka mwisho unarekebisha ya 1, ya 7 ikiwa chini unarekebisha ya 2, na kuendelea hivyo hivyo. Pointi za umeme wa plagi milimita 0.38, plagi zenyewe 0.64. Kifuniko cha distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, nakifuta kwa ndani na kitambaa kikavu, maana unyevu wa usiku unakaa humo na ndio unaofanya gari igome alfajiri. Oili 20W50. Chai na maandazi vinapita katikati ya hayo.

Betri naiangalia mara mbili. Kwenye Morris hizi waya wa chanya ndio unaokwenda bodi, kinyume na magari ya sasa, na anayebadilisha betri bila kuuliza hufunga alivyozoea. Redio ikiwa ya asili inaungua, dainamo nayo inachanganyikiwa. Kwa hiyo juu ya sanduku la betri huwa naandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: CHANYA BODI.

Saa 2:30

Sasa ndiyo kazi niliyoitiwa. Gari imekuwa nzito, magurudumu yanapata moto, na ukitoa mguu breki haiachii. Anayenieleza ni mpwa wake mzee, ndiye anayeiendesha siku hizi.

"Fundi, we legeza breki tu. Jumamosi bibi harusi anapanda humu."

Nanyanyua zulia miguuni kwa dereva, natoa kifuniko cha sakafu, nafungua kizibo cha masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Kwenye Minor masta silinda imefichwa chini ya sakafu, ndani ya mbavu ya chesi. Mafuta ya breki yakiwa salama yana rangi ya maji au ya asali nyepesi. Haya ni mekundu.

"Nani kaongeza mafuta humu?"

"Mimi. Yalipungua, nikatia ya powasteringi. Si yote ya haidroliki?"

Naomba glasi ya maji. Navuta mafuta kidogo kwa sirinji, nadondosha. Mafuta halisi ya breki yanayeyuka kwenye maji, huyaoni tena. Haya yanazama kidogo, yanapanda, yanatanda juu duara jekundu kama mafuta ya mchuzi. Hayo ni mafuta ya madini, na raba za breki za gari hizi hazikutengenezwa kuvumilia mafuta ya madini. Zinayanywa, zinavimba, zinalainika.

Kijana anasema basi yamwagwe, yatiwe mengine, gari iende. Hapa ndipo inapokwenda saa nzima ya siku yangu. Namweleza kwamba ndani ya masta silinda kuna tundu dogo ambalo mafuta hurudia kwenye tangi la mafuta ya breki unapoachia pedali. Raba ikivimba inalifunika tundu hilo, mafuta hayana pa kurudi, shinikizo linabaki kwenye mabomba na breki inashika yenyewe. Ukimwaga mafuta, raba inabaki vile vile imevimba. Halafu breki za Morris hii ni mfumo mmoja tu, mbele na nyuma mafuta ni yale yale. Gari za sasa zina njia mbili. Moja ikivuja unabaki na ya pili. Hapa raba moja ikikatika pedali inazama mpaka sakafuni, unabaki na breki ya mkono. Na kijana anataka kumpandisha bibi harusi humo.

Anasema yuko fundi mwingine angeimaliza kwa saa moja. Anapiga simu. Anarudi, anasema tena. Mwisho mzee anatoka barazani, nampa shikamoo, anaitazama ile glasi kimya kimya.

"Fundi, fanya inavyotakiwa. Kama haikuwahi, bibi harusi atapanda gari nyengine."

Basi, kwa upande wa mzee yamekwisha. Kijana bado anapita kila baada ya muda kuuliza imefika wapi.

Saa 4:00

Kheri ni kwamba mzee ana kasha la spea alizoletewa na jamaa zake kutoka Uingereza, ambako spea za Morris Minor bado zinatengenezwa mpya. Mafuta yakishaharibika hivi hakuna kubagua: raba za masta silinda, raba za wili silinda zote sita, yaani silinda ndogo za breki kwenye magurudumu (mbele mbili kila gurudumu, nyuma moja moja), na hozipaipu tatu. Raba ya spea nayo inazeeka dukani. Naikunja kila moja mbele ya jua, nikiona nyufa kwenye mkunjo haiingii kwenye gari. Mafuta ni ya breki ya daraja la DOT 4, lita moja iliyozibwa. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana siitii, kwa sababu mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu maji inayo tele. Yakishavuta maji yanachemka mapema na yanaozesha silinda kwa ndani.

Kabla ya kupandisha gari nagonga chesi kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito. Bomba la kukingama chini ya viti vya mbele ndilo la kuangaliwa kwanza, kwa sababu nondo za tosheni, yaani springi za mbele za gari hii, zimeshikwa hapo kwa nyuma. Upande wa dereva linalia vyema pale nondo ilipofungwa, lakini ncha yake ya nje bisibisi inapenya. Kwa hiyo jeki haiendi kwenye ncha. Naegemeza mbavu za chesi kwenye stendi mbili, na kipande cha ubao juu ya kila stendi.

Halafu inaanza ile shughuli inayowafanya mafundi wengi waikimbie gari hii. Masta silinda imeshikwa na bolti mbili ndefu zinazopita chesi upande hadi upande, na nondo ya tosheni imepita sambamba, karibu kabisa na vichwa vya bolti. Nati unafungua, bolti haitoki. Wapo wanaokata kwa msumeno. Wapo wanaoipiga nondo nyundo ikiwa bado imebeba uzito wa gari, na hilo nalikataza kwa kila kijana anayejifunza kwangu. Nondo hiyo imesokotwa kwa nguvu zote za kubeba mbele ya gari. Ikichomoka ghafla inavunja mkono.

Njia ni moja, na ni ya polepole. Jeki chini ya mkono wa chini, ule wa chuma unaoshika gurudumu, inyanyuliwe mpaka ibebe uzito. Alama ya rangi kwenye meno ya nondo na ya mkono, ili irudi jino lile lile. Fungua mkono, teremsha jeki kidogo kidogo mpaka nondo ilegee kabisa na uitikise kwa vidole. Ndipo unafungua bolti ya nyuma na kuishusha nondo. Nondo ya kulia haiendi kushoto. Chuma kimeshazoea kusokotwa upande mmoja.

Spana za hapa ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaishika mpaka pale unapovuta kwa nguvu, halafu inakula kona zote. Bolti ya pili ina kutu mwili mzima. Mafuta ya kupenya, kusubiri, kugonga kidogo, kukaza kidogo kabla ya kulegeza, tena mafuta. Mgongo uko kwenye saruji, chembe za kutu zinaingia machoni, na kijana anasimama pembeni, viatu vyake ndivyo ninavyoviona: "Bado, fundi?"

Bado.

Adhuhuri inaadhiniwa bolti ikiwa nusu nje. Naswali, nakula wali na mchuzi wa pweza waliouleta nyumbani kwa mzee, narudi chini. Inatoka.

Baada ya sala

Masta silinda iko mezani. Natoa klipu, pistoni inafuata, halafu raba. Nailaza raba ya zamani kando ya mpya juu ya gazeti: ya zamani imepanuka pembezoni na imekuwa laini, inabonyea kwa kucha. Namwita kijana aione. Hapo ndipo anapoacha kuzungumza habari ya saa moja.

Kusafisha ni kwa spiriti peke yake, pamoja na mabomba yote ya chuma, hadi itoke safi isiyo na wekundu. Petroli, dizeli au mafuta ya taa ni kurudisha ugonjwa ule ule ndani. Ukuta wa silinda napitisha kucha kwa ndani. Ikikwama kwenye shimo la kutu silinda hiyo haifai, raba mpya itakatika humo kwa muda mfupi. Hizi ni nzima. Raba naipaka mafuta mapya ya breki, naiingiza kwa vidole, mdomo wake ukielekea kwenye shinikizo.

Mvua ya vuli inashuka ghafla na kila kitu kinafunikwa turubai. Nusu saa imepotea.

Wakati wa kurudisha, bolti mbili zile nazigeuza: vichwa vinakaa upande usio na nondo. Fundi atakayefuata atazitoa bila kugusa tosheni.

Gurudumu la nyuma kushoto nipeli, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki, imeganda. Ukilazimisha inakatika ndani ya silinda. Naipasha moto silinda pembeni mwake, raba zikiwa bado hazijaingia, halafu spana ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili. Inalia, inazunguka.

Alasiri imepita. Kutoa upepo naanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia kwa dereva. Kijana ndiye anayekanyaga. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Anafanya vizuri, na anaangalia tangi lisikauke bila kukumbushwa. Kisha marekebisho ya dramu, yaani ngoma za breki: unakaza mpaka gurudumu linagoma, unarudisha hatua moja. Pedali inakuwa ngumu, inasimama juu.

Mikono imechoka lakini bado kuna grisi. Kwa kuwa mbele iko hewani, nashika gurudumu juu na chini nalitikisa. Kipande cha chini kinachobeba pini ya usukani kina uzi kama wa skrubu, wenyewe wanakiita tranioni. Uzi ukiliwa kwa kukosa grisi kinachomoka, na gurudumu linakunjika chini ya gari. Hapa hakuna mchezo. Natia grisi mpaka ile nyeusi itoke yote na mpya ionekane. Kwa barabara zetu na chumvi yetu nawaambia watu wairudie kila kilomita 1,500.

Magharibi imeshaswaliwa

Tunaijaribu barabarani, Mnazi Mmoja hadi Migombani na kurudi, mteremko wa Kilimani taratibu na vituo vya makusudi njiani. Inasimama imenyooka. Nikirudi nagusa dramu nne kwa nyuma ya mkono: zina joto la kawaida, zote sawa.

Kijana anauliza vipi raba ziwe na bei hii. Namhesabia: raba ni sehemu ndogo, kilichobaki ni siku nzima. Mzee anaingia ndani, anatoka na fedha yote.

Kazi ya kijana kesho asubuhi, kabla ya kuwasha: aangalie sakafu nyuma ya kila gurudumu, anyanyue zulia aone kipimo cha mafuta ya breki, akanyage pedali ahesabu kumi. Pakiwa pakavu na pedali haikuzama, Jumamosi gari iende harusini. Ikitoka huko ioshwe kwa maji baridi, hasa chini, na matundu ya kutolea maji kwenye milango yazibuliwe kwa kijiti. Jumatatu nakuja na mashine ya kuchomelea na bati la milimita 1.5, ile ncha ya bomba ikatwe mpaka kwenye chuma kizima. Kijana ameshauliza kama pati, ile ya kuzibia mashimo, haitoshi.