Video ya sekunde 38

Nashona mikoba ya ngozi, peke yangu. Tovuti yangu ilikuwa na picha za kutosha, lakini kila mteja mpya aliuliza swali lilelile: "Kweli unashona kwa mkono?" Nikaona nitengeneze video, maneno yaishe.

Ya kwanza ilikuwa ya dakika 4. Nilikaa nyuma ya meza, nikajitambulisha, nikasimulia nilivyoanza, nikasifu kazi yangu mwenyewe. Chumba kilikuwa kitupu na simu iko mbali, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Nilimwonyesha dada yangu. Akatazama kimya mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mkoba uko wapi?"

Nikaifuta. Safari hii nikaanza na mikono. Mshono wangu ni wa uzi mmoja uliopakwa nta, wenye sindano 2, moja kila ncha. Natoboa kwa maharazi, halafu sindano zote mbili zinapita kwenye tundu lilelile, moja ikitoka mbele, nyingine nyuma. Ndiyo maana uzi ukikatika mahali pamoja, mshono uliobaki haufumuki upesi kama wa cherehani. Hilo ningelieleza kwa maneno nusu saa na usinielewe. Ukiona sindano zikipishana, basi, umeelewa.

Kilichonitesa ni mwanga. Chini ya taa ya dari, ngozi iling'aa kama plastiki, na picha ikawa na mistari meusi inayotambaa. Baadhi ya taa za umeme huwaka na kufifia haraka mno, mara 100 kwa sekunde ambako umeme ni wa hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona. Nikazima taa, nikasogeza meza dirishani ili mwanga uje kutoka ubavuni, na kila tundu likajitokeza na kivuli chake. Kisha nikabonyeza skrini na kushikilia mpaka simu ikafunga fokasi na mwanga, maana bila hivyo picha hung'aa na kufifia kila mkono unapopita.

Asubuhi nzima nikarekodi. Jioni nafungua, naona ukungu mtupu. Nilikuwa nimeishika simu kwa vidole vyenye nta, lenzi ikapakaa. Kesho yake nikarudia yote, kitambaa safi kikiwa mfukoni.

Maelezo niliyarekodi peke yake, nimejifunika blanketi ili mwangwi ufe. Sentensi 5, jasho linanitoka, lakini sauti ilikuja safi kabisa. Muziki niliuacha. Wimbo nilioupenda una mwenyewe, na sikutaka kutumia mali ya mtu kuuzia mikoba yangu.

Nikapakia faili. Megabaiti 210! Ukurasa ukawa mzito, kwenye simu ulizunguka tu. Nikaipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubana video, nikaitoa kama faili ya MP4 ya 720p, yaani picha yenye mistari 720 kwenda chini, ikashuka hadi megabaiti 6. Kwa jicho langu tofauti haikuonekana.

Kisha nikagundua jambo ambalo ningelijua mapema nisingejifunika blanketi. Nilitaka video ianze yenyewe mtu akifungua ukurasa, na vivinjari vingi huzuia video kujianzisha ikiwa na sauti. Ikinyamazishwa, inaruhusiwa. Basi ile sauti yangu safi haikusikika na mtu, ila yule aliyejisumbua kubonyeza kitufe. Nikarudi kwenye uhariri, nikaandika maneno machache juu ya picha kwa herufi kubwa: "Uzi 1. Sindano 2. Mikono yangu."

Lile swali la mwanzo silisikii tena. Siku hizi wananiuliza ile nta ni ya nini.